Zamu ya Ardo Kisimani

Siku Mwalimu Gaceri alipowaambia wasichana wa kidato cha tatu kwamba huko ng'ambo wataalamu wamekata kipande cha chembe za urithi za binadamu wakakipandikiza ndani ya kijidudu kisichoonekana kwa macho, darasa zima liliangua kicheko. Qabale Dullo peke yake hakucheka. Aliinua mkono.

"Mwalimu, sasa hicho kijidudu ni mtu?"

Kicheko kikazidi. Gaceri alikuwa mwanamke wa Meru, mwalimu wa bayolojia asiyependa swali lipotee bure. Aliweka chaki mezani.

"Hapana. Ni kijidudu kilichobeba kitu kidogo cha mtu."

"Na wakigeuza? Wachukue kitu kidogo cha ngamia, wampe mtu?"

"Bado hawajaweza."

"Lakini wakiweza, Mwalimu. Huyo atakuwa mtu ama ngamia? Na nani ataamua?"

"Hilo si swali la bayolojia," Gaceri alisema. "Ni swali la mahakama. Liandikie mchezo. Tamasha la drama linakuja, na mimi nimechoka na michezo ya binti anayekataa kuozwa."

Ulikuwa mwanzo wa mwaka 1985. Ukame ulikuwa umepita juzijuzi tu, na Isiolo bado ilikuwa inakula mahindi ya njano ya msaada. Mifupa ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara ya kwenda Kinna, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuiondoa. Hata wasichana wa shule walizungumza habari za maji kama wazee: kisima gani kimekauka, ukoo gani umepigania zamu, nani amenyimwa.

Qabale alikuwa na sababu yake ya kuuliza alichouliza. Babake, Dullo, alikuwa mhunzi wa mtaa wa Chechelesi. Alifua visu, majembe na vichwa vya mikuki kutokana na springi za malori yaliyokufa. Kwa Waborana, mhunzi huitwa tumtu, na jina hilo si la kazi tu, ni la damu. Mtoto wa tumtu ni tumtu hata kama hajawahi kushika nyundo. Hakuna aliyewatukana. Watu walimsalimu Dullo vizuri, wakasifu makali ya visu vyake, wakamwombea heri Ijumaa wakitoka msikitini. Lakini ukoo mwingine hauwezi kuwaoa wala kuwapa binti, na penye harusi wao hukalishwa pembeni na sinia lao. Husemwa damu yao ni nzito, imekaa karibu sana na moto.

Shuleni mambo yalikuwa laini kidogo. Ila sahani ya Qabale haikuazimwa kamwe, hata siku ambazo sahani zilipungua. Mwaka uliotangulia Mwalimu Gaceri aliwaonyesha kwa darubini chembe za ndani ya mashavu yao. Qabale alitazama zake, kisha za Racho aliyeketi naye dawati moja, kisha akarudia zake tena, akiutafuta ule uzito aliosikia ukitajwa tangu utotoni. Hakuuona.

Basi aliandika. Aliandika Jumapili baada ya Jumapili, ameketi juu ya tangi tupu nyuma ya bweni.

Mchezo wake ulikuwa wa mwaka elfu mbili na sitini. Mvua imekataa kabisa. Wataalamu wanamtengeneza mtoto wa kike maabarani, wanampa jeni za ngamia ili aweze kustahimili kiu, kisha wanamtia katika tumbo la mwanamke mmoja mfugaji, anamzaa na kumnyonyesha. Anaitwa Ardo. Ardo anakua, anachunga kuliko wanaume, anakaa siku nyingi jangwani bila kuonja tone. Lakini kila kiumbe hunywa mwishowe. Siku anapofika kisimani kuomba zamu, wenye kisima wanamfukuza. Wewe si mtu, wanamwambia, zamu ni za watu. Subiri wanyama wakinywa ndipo unywe nao. Maabara nayo inadai kwamba ni mali yake, kama gari au jenereta. Ardo anawapeleka wote mahakamani.

Gaceri aliusoma ukumbini kwa sauti, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipofika mahali ambapo hakimu anatoa hukumu, aliondoa miwani. "Mahakama hii haiwezi kumfanya mtu awe mtu," hakimu alisema katika maandishi ya Qabale. "Inaweza tu kukiri kwamba alikuwa mtu kabla hatujafungua mlango."

"Haya," Gaceri alisema. "Nani atakuwa nani?"

Mumina, msichana mwenye ulimi mwepesi, aliruka kwanza. "Mimi wakili wa wenye kisima. Na Qabale awe Ardo. Hata hatahitaji kupakwa rangi."

Wengine waliguna, wengine walicheka wakifunika midomo. Qabale alisimama.

"Mimi ndiye hakimu."

Racho, binti wa Haji Isacko mfanyabiashara wa mifugo wa mtaa wa Wabera, alijitokeza. "Basi mimi nitakuwa Ardo," alisema. Hakusema kwa kumtetea mtu. Alikuwa na sauti nzuri kuliko wote na alijua hilo, na Ardo ndiye aliyekuwa na maneno mengi.

Walifanya mazoezi majuma kadhaa. Racho aliingia ndani ya Ardo kama mtu anayeingia mtoni, kwanza vidole, mwishowe kichwa kizima. Palikuwa na sehemu ambapo Mumina, katika uwakili wake, anamwaga maji ya kibuyu kizima kwa sababu Ardo ameweka mdomo pale. Mara ya kwanza Racho alisimama tu kama alivyoelekezwa. Mara ya tatu alitetemeka midomo, akasahau maneno, na Gaceri akalazimika kusimamisha mazoezi. Jioni hiyo, wakikunja mikeka, Racho alimwuliza Qabale bila kumtazama, "Hiyo ya kibuyu uliitoa wapi?"

"Nyumbani kwenu," Qabale alijibu. "Na nyumba zingine. Si kwenu tu."

Racho aliubeba mkeka wake akatoka. Lakini alipokwenda kwao mwisho wa wiki aliyasema maneno ya Ardo uani mpaka mama zake wadogo wakayajua, na ndivyo Haji Isacko alivyosikia. Aliuliza ni mchezo gani, nani anashtaki, nani anahukumu. Jumatatu alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kofia yake nyeupe juu ya goti, akiongea polepole.

"Sina neno na masomo," alisema. "Lakini binti yangu asimame mbele ya mji mzima, mtoto wa tumtu ameketi juu akimhukumu? Watu watasema nini? Wabadilishane tu. Racho awe hakimu, yule mwingine awe huyo wa ngamia. Hapo hakuna ugomvi."

Gaceri alimwita Qabale chini ya ukuta wa maabara. Alionekana amechoka.

"Ni kubadilishana tu, Qabale. Maneno ni yaleyale uliyoandika."

"Siyo yaleyale, Mwalimu. Nikikubali, mchezo wote umekuwa uongo."

"Na ukikataa hakuna mchezo. Wenzako wamefanya kazi. Umewafikiria?"

"Nimewafikiria," Qabale alisema. "Nipe ruhusa Jumamosi. Nitaenda kumwona Haji mwenyewe."

Babake alipopata habari aliacha moto wa mvukuto ukapoa. Dullo alikuwa mtu wa maneno machache, mabega mapana, nyusi zilizounguzwa na cheche. "Usiende," alimwambia. "Sisi katika mji huu tumeishi kwa kuacha nyundo peke yake isikike. Babu yako hivyo, mimi hivyo. Imetulisha."

"Aba, imetulisha pembeni."

"Pembeni pia ni mahali."

"Nitaenda," Qabale alisema. "Nitarudi kabla ya adhuhuri, nikusaidie."

Nyumba ya Haji Isacko ilikuwa ya mawe, yenye ua wa mchanga uliofagiliwa, mbuzi wawili wakitafuna maboksi chini ya mgunga. Haji alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba. Alipomwona hakukunja uso. Adabu yake ilikuwa ya kweli.

"Salaam aleikum, Haji."

"Waaleikum salaam. Karibu, binti Dullo. Keti. Baba hajambo? Mvua ikija nitamletea kazi nyingi."

Chai ililetwa. Ya Haji ilikuwa kwenye glasi, ya Qabale kwenye kikombe cha bati kilichokuwa kimetundikwa nje ya jiko. Alikinywa chote, akakiweka chini taratibu.

"Haji, nimekuja kwa habari ya mchezo."

"Najua. Na jibu langu unalijua. Sina ubaya na nyinyi. Lakini kuna mipaka tuliyoikuta, sisi hatukuichora."

"Racho alikueleza kesi yenyewe?"

"Nusunusu. Mtu wa ngamia." Haji alitabasamu kidogo. "Wasichana wa siku hizi."

Qabale akamweleza yote, tangu maabara hadi kisimani. Alieleza jinsi Ardo alivyozaliwa, alivyonyonya, alivyochunga, alivyofukuzwa. Haji alianza akisikiliza kwa heshima tu. Kisha akaacha kunywa chai. Kisha akasogeza kiti.

"Lakini hao wamekosea," alisema kwa ukali wa ghafla, kama vile wenye kisima walikuwa pale uani. "Kisima kina sheria. Mgeni hunyweshwa. Adui akija na kiu, hunyweshwa kwanza ndipo mnapigana. Huyo amezaliwa na mwanamke, amenyonya titi la Mborana, halafu anangojea nyuma ya ng'ombe? Hiyo ni sheria ya nani?"

"Wanasema damu yake si ya watu."

"Damu! Damu gani? Nani ameipima?"

"Na tumtu je, Haji?"

Mbuzi walisikika wakitafuna. Nyuma ya pazia la mlango kuna mtu aliyekuwa amesimama, vidole vya miguu vyenye hina vikionekana chini ya kitambaa, na Qabale alivijua ni vya Racho.

Haji Isacko alirudisha kiti mahali pake. "Hapo ndipo unapoliharibu jambo zuri," alisema, si kwa hasira, bali kwa huzuni. "Nenda salama, binti. Msalimie babako. Racho hatacheza."

Siku ya tamasha ukumbi wa mji ulifurika. Walikuwapo wanafunzi wa shule zote, walimu, wafanyakazi wa serikali na familia zao, wauza miraa waliofunga vibanda, na wazee wa mifugo waliosikia kwamba kuna mchezo wenye kesi ya kisima ndani yake. Nyuma ya jukwaa Gaceri alikuwa ameshika karatasi ya majina.

"Hakuna mwingine anayejua maneno ya Ardo," alisema. "Ni wewe tu."

"Nitakuwa Ardo," Qabale alisema.

Gaceri alipumua. "Na yule mwenzenu Batula tumpe uhakimu."

"Hapana, Mwalimu. Nitakuwa Ardo, lakini hakuna atakayekaa juu yangu. Kiti cha hakimu kibaki kitupu."

"Na hukumu itatolewa na nani?"

"Na wenye kisima."

Huko nje jina la shule yao lilikuwa linatajwa. Gaceri aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Nenda," alisema.

Qabale alikuwa ameyaandika maneno ya Ardo, lakini hakuwa amewahi kuyasema. Aligundua kwamba yalikuwa na uzito tofauti mdomoni. Mumina, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi lakini si mbaya, alikuwa wakili mkali kuliko siku zote. Alimzunguka Ardo kama mnunuzi anayemkagua mnyama sokoni, akaamuru aonyeshe meno. Alipomwaga maji ya kibuyu, mwanamke mmoja katikati ya ukumbi alipiga ukelele, "Maji hayo!" Baada ya mwaka waliotoka nao, hakuna aliyeweza kutazama maji yakimwagwa.

Walipofika mahali pa hukumu, Qabale alikitazama kile kiti kitupu. Kisha akashuka hatua moja kutoka jukwaani.

"Hakimu wangu hakuruhusiwa kuja," alisema. "Nyinyi ndio wenye kisima. Mmesikia kesi. Ninywe, au nisinywe?"

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakangoja. Yeye naye akangoja. Mwalimu mmoja alikohoa. Ndipo mzee Dualeh, mfanyabiashara wa ngamia mwenye ndevu za hina, akasimama katikati ya viti.

"Mpeni maji!" alinguruma. "Mimi nimeishi na ngamia maisha yangu yote. Ngamia hajawahi kuniambia kesi. Huyu anaongea, huyu ni mtu!"

"Bubu je?" sauti nyingine ikamjibu. "Bubu si mtu?"

"Serikali ndiyo iliyomtengeneza, ni mali ya serikali!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Na wewe serikali ilikuchanja ndui! Wewe pia ni mali yao?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, kisha kwa ubishi. Wazee walisimama wakinyoosheana bakora. Wanawake walitaka kujua mamake Ardo yuko wapi, mbona hajaitwa kutoa ushahidi. Waamuzi wa tamasha waligonga kengele, wakagonga tena, wakasimama wakaigonga kwa nguvu. Qabale alibaki pale pale, kibuyu tupu mkononi, mpaka Gaceri alipokuja kumshika bega.

Hawakushinda. Waamuzi walisema mchezo umepitisha muda, na zaidi ya hayo haukuwa na mwisho. Shule iliyoigiza habari za binti anayekataa kuozwa ndiyo iliyopata nafasi ya kwenda mbele. Mumina alilia. Qabale hakulia. Alihisi kitu kifuani kimekaa sawa, kama mfupa uliokuwa umeteguka.

Jumatatu Racho alirudi kwenye dawati lao.

"Baba aliniuliza hakimu alikuwa aseme nini," alisema.

"Ulimwambia?"

"Neno kwa neno. Haiwezi kumfanya mtu awe mtu, inaweza tu kukiri."

"Akasema?"

"Alisema, aliyeyatunga maneno hayo ana akili, ni mtoto wa nani? Nikamwambia, wa Dullo."

"Akasema nini?"

Racho alijizuia, akashindwa. "Akaitisha chai."

Walicheka mpaka Gaceri akawatoa nje ya darasa.

Kesi ya Ardo haikuishia ukumbini. Likizo ya Aprili ilipofika, Qabale aliikuta mjini, kwenye vibanda vya chai na soko la mifugo. Watu ambao hawakuuona mchezo waliubishania kuliko waliouona. Wengi walikubali kwamba Ardo ni mtu. Wachache walishikilia kwamba anywe, lakini asiolewe. Alisikiliza akipita na mkebe wa maji kichwani, na hakuna aliyemgeukia kumwuliza mwandishi anasemaje.

Asubuhi moja mzee Dualeh alifika karakana ya Dullo na kisu cha kuchinjia kilichopoteza makali. Alikuwa na mwenzake, na ubishi wao ulikuwa umewatangulia tangu barabarani.

"Kama amezaliwa na mwanamke, basi!" alikuwa anasema. "Mimi ningemnywesha kwa mkono wangu. Kwa mkono wangu huu!"

Alipofika mbele ya Dullo alikitupa kisu chini mchangani, kama watu wanavyofanya wakileta chuma kwa tumtu, ili mikono isikutane. Hakukusudia lolote. Hata hakukatisha sentensi yake. Dullo alikuwa tayari ameanza kuinama kukiokota.

"Mkononi, mzee," Qabale alisema.

Alikuwa ameketi kwenye mvukuto. Aliinuka.

Dualeh aligeuka. "Unasema?"

"Kisu. Mpe baba mkononi."

"Qabale," Dullo alisema kwa sauti ya chini, nusu ameinama. "Wacha."

"Mzee amesema angemnywesha Ardo kwa mkono wake," Qabale aliendelea. Hakuwa amepaza sauti, na hakuwa ameishusha. "Ardo ni mtu niliyemtunga. Baba yangu ndiye huyu."

Yule mwenzake Dualeh alitazama kando, barabarani, kana kwamba kuna gari analolingoja. Uso wa Dualeh ulijaa damu. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amesimama ukumbini mbele ya mji mzima. Maneno yake mwenyewe yalikuwa bado yako hewani. Mwishowe aliinama, goti likilia, akakiokota kisu, akapangusa mchanga kwa upindo wa kikoi chake. Akakinyoosha, mpini ukiwa mbele.

Dullo alisita. Ilikuwa kama hajui mkono unafanya nini katika jambo kama hilo. Kisha akakipokea, na vidole vyao viligusana.

"Kiwe kikali," Dualeh alisema kwa sauti kavu.

"Kitakuwa kikali," Dullo akajibu.

Walipoondoka, Dullo alikaa akikigeuzageuza kile kisu bila kukitia motoni. Qabale alirudi kwenye mvukuto akingoja kugombezwa.

"Utanifukuzia wateja," babake alisema.

"Watarudi. Nani mwingine atawafulia?"

Dullo alifua mpaka jua likapanda. Halafu akaja kijana mmoja wa Wabera na jembe lililovunjika, akasimama mlangoni, akaliinua tayari kulitupa. Dullo hakuinama. Aliweka nyundo chini, akafuta kiganja chake kwa suruali, akanyoosha mkono, akangoja.